Ushanga wa Venezia katika Nchi ya Wasukuma: Utangulizi wa Historia na Ustaarabu wa Italia

Katika nchi ya Wasukuma ya upande wa mashariki, yaani Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ambazo tangu mwaka 2012 zimefanywa Mkoa wa Simiyu, ushanga ni kitu cha kila siku. Binti huuvaa shingoni na kiunoni, mcheza ngoma huupanga kifuani na kichwani, mganga huutumia katika kazi yake, na wazee huuweka kwa kumbukumbu ya mababu. Walakini ni wachache waulizao ushanga huo ulitoka wapi. Ushanga wa magamba ya mayai ya mbuni, wa mbegu na wa chuma ulifanywa barani Afrika tangu kale. Lakini ushanga wa kioo ulikuja na misafara kutoka pwani, na pwani uliletwa na merikebu; na sehemu kubwa ya ule ulioingia katika karne ya 19 ilifanywa katika mji mmoja wa Italia uitwao Venezia, ambao ramani nyingi huuandika Venice.

Makala haya yakusudia kumjulisha msomaji asiye mtaalamu nchi ya Italia, historia yake na ustaarabu wake, kwa kuufuata ushanga huo tangu tanuri hata shingo ya mvaaji. Njia hii yafaa kuliko kuorodhesha wafalme na vita, maana katika ushanga historia ya Wasukuma na historia ya Waitalia zilikutana kabla ya kuwapo nchi iitwayo Tanganyika, na hata kabla ya kuwapo dola moja iitwayo Italia. Wenyewe hawakuonana. Mfanyaji hakumjua mvaaji, wala mvaaji hakumjua mfanyaji, na katika kutojuana huko faida kubwa iliwaendea watu wa katikati.

Nchi ya miji mingi

Italia ni rasi ndefu iingiayo katika Bahari ya Kati, yenye umbo la buti. Kaskazini imezungukwa na milima mirefu ya Alpi, na katikati yake milima ya Apenini yapita kama uti wa mgongo. Visiwa vyake vikubwa ni viwili, Sicilia na Sardegna. Ukubwa wa nchi yote ni kilomita za mraba 301,000 hivi, yaani karibu theluthi moja ya Tanzania, na watu wake ni karibu milioni 59.

Habari za kale za nchi hiyo ni habari za mji wa Roma. Kwa mapokeo ya wenyeji mji huo ulijengwa mwaka 753 kabla ya Kristo. Ulianza kwa wafalme, ukawa jamhuri, na tangu mwaka 27 kabla ya Kristo ukawa makao ya makaisari waliotawala nchi zote zilizoizunguka Bahari ya Kati, Misri ikiwamo. Lugha yake, Kilatini, ndiyo mama wa Kiitalia, Kifaransa, Kihispania na Kireno. Hata msemaji wa Kiswahili ana urithi wake humo bila kujua: maneno meza na mvinyo yaliletwa na Wareno, lakini asili yake ni maneno ya Kilatini mensa na vinum.

Dola la Roma la magharibi lilianguka mwaka 476. Baadaye, kwa muda wa zaidi ya miaka 1,000, hapakuwa na mtawala mmoja wa rasi yote. Kila mji mkubwa ulijitawala au uligombaniwa: Venezia na Genova kwa biashara ya bahari, Firenze kwa benki na nguo za sufu, Milano kwa silaha na ufundi, Roma chini ya Papa, na Napoli chini ya wafalme. Mtu alijiita kwanza wa mji wake, kisha, kama ilibidi, Mwitalia. Mpaka leo Waitalia wana neno campanilismo, litokanalo na mnara wa kengele za kanisa, kwa maana ya mapenzi ya mtu kwa mji wake kupita mahali pengine pote.

Hali hiyo si ngeni kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Pate, Lamu na Mombasa zilishindana kwa silaha na kwa mashairi, ijapokuwa watu wake walisema lugha moja na kusali kibla kimoja. Katika Usukuma nako palikuwa na Ntuzu, Itilima, Kanadi, Dutwa na nyinginezo, kila nchi na ntemi wake, ngoma yake na mipaka yake, bila mtawala mmoja wa Wasukuma wote. Basi anayetaka kuielewa Italia na aanze hapo: ni taifa la miji iliyounganishwa jana.

Mji uliojengwa juu ya maji

Venezia umejengwa juu ya visiwa vidogo vilivyo katika wangwa wa pwani ya kaskazini-mashariki. Watu walikimbilia huko kuyaepuka majeshi yaliyoingia Italia baada ya nguvu za Roma kupungua. Hapakuwa na mashamba ya kutosha, wala mawe, wala maji mengi ya kunywa. Kulikuwa na samaki, chumvi na bahari. Kwa hiyo watu wake waliishi kwa vyombo, kama walivyoishi watu wa Kilwa na Lamu, wakachukua viungo, hariri na pamba kutoka bandari za Misri na Shamu na kuviuza Ulaya.

Mji huo haukuwa na mfalme. Uliongozwa na mkuu wa kuchaguliwa aliyeitwa doge, akizungukwa na mabaraza ya wenye nasaba, ambao mwaka 1297 waliufunga mlango wa baraza kuu ili wageni wasiingie. Utawala huo haukuwa wa watu wote, lakini ulidumu zaidi ya miaka 1,000, mpaka Napoleon alipouangusha mwaka 1797.

Kutoka Venezia alitoka Marco Polo, aliyesafiri mwaka 1271 kwenda China na kurudi mwaka 1295. Katika kitabu chake mna habari za nchi aliyoiita Zanghibar, ambayo hakufika. Kwa kusikia tu aliiandika kuwa ni kisiwa kikubwa mno, na habari nyingine alizozitoa juu ya watu wake hazikuwa kweli. Hivyo hata katika maandiko ya mwanzo ya Mwitalia juu ya pwani hii, kutojuana kulikuwako.

Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika Malindi, akapata rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Safari hiyo iliwafungulia Wareno njia ya viungo isiyopita Misri, na Venezia ikaanza kupoteza ukubwa wake wa biashara. Ufundi wake, hata hivyo, haukupotea, na ufundi mmoja uliofika mbali kuliko merikebu zake ulikuwa ule wa kioo.

Jinsi ushanga ulivyofanywa

Mwaka 1291 serikali ya Venezia iliamuru matanuri ya kioo yahamishiwe kisiwa cha Murano, ng'ambo kidogo ya mji, kwa kuogopa moto. Huko ilikuwa rahisi pia kuilinda siri. Fundi wa kioo alipewa heshima kubwa, lakini alikatazwa kuhama nchi na kuupeleka ufundi wake kwa wageni.

Kioo ni mchanga mweupe ulioyeyushwa pamoja na majivu ya mimea yenye magadi, ambayo Wavenezia waliyanunua Shamu na Misri, na rangi yake hutokana na madini yachanganywayo ndani. Kufanya ushanga mdogo, fundi huchukua donge la kioo cha moto kwenye ncha ya chuma na kulitia tundu katikati. Akitaka ushanga wa rangi mbili, hulichovya donge la rangi moja katika kioo cha rangi nyingine. Kisha mtu wa pili hushika upande wa pili kwa chuma chake, na wote wawili hukimbia kwa kuachana. Donge hurefuka na kuwa uzi mwembamba kama bua la nyasi, tena tundu hubaki ndani yake kutoka mwanzo hata mwisho. Uzi ukipoa hukatwa vipande vidogo. Vipande hivyo huchanganywa na unga wa makaa na majivu ili tundu lisizibe, hutiwa katika chombo cha moto na kuzungushwa mpaka kingo kali ziwe mviringo, kisha huchekechwa kwa ukubwa na kusuguliwa kwa pumba mpaka zing'ae.

Kazi ya mwisho ilikuwa ya wanawake. Waliitwa impiraresse, yaani watungaji wa shanga. Walikaa mbele ya milango ya nyumba zao katika mitaa ya maskini, kila mmoja na sinia la mbao mapajani lililojaa shanga, akishika sindano nyingi kwa pamoja mfano wa upepeo, na kuzichovya ndani ya shanga mpaka zijae. Ujira wao ulikuwa haba mno, na mwaka 1904 waligoma kudai haki yao. Mwanamke wa Bariadi atungaye ushanga wa ngoma angeielewa kazi ya mikono ile mara moja, ijapokuwa yeye aliutungua uzi uliotungwa Venezia na kuutunga upya kwa mpango wake.

Wanawake walikuwamo pia katika ubunifu. Marietta Barovier, binti wa fundi mashuhuri Angelo Barovier wa Murano, hutajwa kuwa ndiye aliyebuni katika karne ya 15 ushanga wenye tabaka za rangi na umbo la nyota ndani, ambao ulienea duniani kote. Na kioo kile kile cha Murano kilifanya vioo vya kujitazamia na vyombo vya wafalme. Galileo Galilei alikuwa mwalimu wa chuo kikuu cha Padova, mji uliokuwa chini ya Venezia, chuo kilichoanza mwaka 1222. Mwaka 1609 aliwapandisha wakubwa wa Venezia juu ya mnara wa kengele, akawaonyesha kwa darubini yake merikebu zilizokuwa mbali. Miezi michache baadaye aliigeuza darubini kutazama mwezi na nyota, na elimu ya falaki ikawa nyingine.

Kutoka Zanzibar hata Usukuma

Wasukuma walikuwa na biashara kabla ya ushanga wa kioo. Walisafiri kwenda Ziwa Eyasi kuchukua chumvi, na walinunua majembe ya Warongo waliofua chuma upande wa magharibi. Katika karne ya 19 biashara hiyo ya kale iliungana na njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, yaani Tabora, na matawi yake kuelekea ziwani. Wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma wenyewe. Katika mizigo yao mlikuwa na nguo, nyaya za shaba, bunduki na mifuko mirefu ya ushanga.

Richard Burton, aliyefika Unyanyembe mwaka 1857 pamoja na Speke, aliandika majina mengi ya shanga, akaeleza kuwa aina zake zilikuwa kama 400. Iliyopendwa kupita zote ni samesame, ushanga mdogo wa rangi ya marijani, mwekundu nje na mweupe ndani. Ulikuwa na majina mengine pia. Uliitwa joho, kwa kuwa ulifanana na nguo nyekundu ya joho. Uliitwa kimarapamba, na neno pamba hapo si zao hili lilimwalo leo Bariadi na Maswa, bali ni chakula, maana mtu alikuwa tayari kukitoa chakula chake chote ili aupate. Tena ulikuwa na jina lenye maana ya kivunja mji, kwa jinsi ulivyowatia watu wazimu wa kuutaka. Majina hayo yote yalitungwa na watu wa Afrika, si na wauzaji wa Ulaya, na kila jina ni hukumu ya mnunuzi juu ya bidhaa.

Ushanga ulikuwa pia fedha, na ulikuwa na vipimo vyake. Bitili ilikuwa urefu wa kutoka ncha ya kidole cha shahada hata kiwiko cha kiganja. Bitili nne zilifanya kete moja, na kete kumi zilifanya fundo moja. Lakini fedha hiyo ilikuwa na tabia ngumu: kila nchi ilikubali rangi yake na kuikataa ya jirani. Stanley, aliyeongoza msafara mwaka 1871, alieleza kuwa ushanga mweusi uliopokelewa Ugogo ulikataliwa penginepo, na kwamba Wanyamwezi waliutaka mwekundu kuliko wote. Mkuu wa msafara aliyechagua vibaya Zanzibar aliweza kufa njaa barani huku mizigo imejaa. Basi msemo wa kwamba Waafrika walidanganywa kwa vitu vya kung'aa una kasoro. Mnunuzi alijua anachokitaka, alikataa asichokitaka, na mafundi wa Murano walilazimika kuifuata rangi aliyoichagua mtu ambaye hawakujua nchi yake.

Pembe na piano

Hata hivyo mizani haikuwa sawa. Ushanga, nguo na bunduki vilinunua mtama na mbuzi, vilinunua pembe za ndovu, na vilinunua watu. Mtama ulilimwa tena mwaka uliofuata, lakini ndovu waliouawa na watu waliochukuliwa hawakurudi.

Pembe nyingi za Zanzibar zilikwenda Bara Hindi, Uingereza na Marekani. Katika jimbo la Connecticut zilipasuliwa vipande vyembamba vya kuvalisha vitufe vya piano. Piano nayo ilibuniwa na Mwitalia, Bartolomeo Cristofori, mzaliwa wa Padova, aliyeitengeneza Firenze karibu na mwaka 1700. Kwa hiyo Italia iligusa biashara hii pande mbili: ushanga wake ulilipia pembe, na ala iliyobuniwa na fundi wake iliongeza njaa ya pembe duniani.

Na muziki si jambo dogo katika ustaarabu wa Waitalia. Venezia ndiko ulikofunguliwa mwaka 1637 ukumbi wa kwanza wa opera ambao mtu yeyote aliweza kuingia kwa kulipa. Huko huko Antonio Vivaldi aliwafundisha muziki mabinti waliolelewa katika nyumba ya yatima. Pamoja na hayo, msomaji asidhani kuwa watu wote wa nchi ile waliishi katika majumba ya marumaru. Mkulima maskini wa vijiji vya jirani na Venezia alikula polenta, yaani ugali wa mahindi, asubuhi na jioni. Katika karne ya 18 na ya 19 wengi waliokula ugali huo peke yake, bila kitoweo, waliugua ugonjwa wa pelagra, wakachubuka ngozi na kupotewa na akili. Wengine walikimbia umaskini huo wakahamia Brazil na Argentina.

Italia moja na lugha moja

Burton alipokuwa akiandika majina ya shanga huko Unyanyembe, Venezia ulikuwa chini ya Austria. Wenyeji walikuwa wamejaribu kujikomboa mwaka 1848 chini ya Daniele Manin, wakashindwa mwaka uliofuata. Lakini fikira ya taifa moja ilikwisha kuenea, ikihubiriwa na Giuseppe Mazzini, ikipangwa na waziri Cavour, na kupiganiwa na Giuseppe Garibaldi, ambaye mwaka 1860 alishuka Sicilia na watu kama 1,000 na kuuangusha ufalme wa kusini. Ufalme wa Italia ulitangazwa mwaka 1861. Venezia uliungana nao mwaka 1866. Na Roma uliingia mwaka 1870.

Likabaki swali ambalo wasomaji wa Kiswahili walijua vizuri: taifa jipya liseme lugha gani? Wakati ule Waitalia wachache sana waliweza kusema Kiitalia fasaha. Nyumbani kila mtu alisema lugha ya kwao, na ya Venezia na ya Napoli hazisikilizani kwa urahisi. Iliyochaguliwa ilikuwa lugha ya Firenze, kwa sababu Dante Alighieri, aliyefariki mwaka 1321, aliitungia utenzi wake mkuu, Divina Commedia, na Petrarca na Boccaccio wakamfuata. Chama cha wanalugha cha Firenze kiitwacho Accademia della Crusca kilitoa kamusi yake mwaka 1612. Baadaye Alessandro Manzoni aliiandika upya riwaya yake kubwa ili lugha yake ilingane na usemi wa Firenze.

Kiswahili nacho kilipita njia hiyo, lakini kwa sababu tofauti. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliundwa mwaka 1930. Kama kipimo kingalikuwa ushairi wa kale, kama ilivyokuwa Italia, Kimvita na Kiamu vingalikuwa na hoja nzito. Kiunguja kilishinda kwa sababu kilikwisha kuenea barani, na kilienezwa na misafara. Wapagazi wale wale waliobeba ushanga wa Venezia hata Usukuma ndio waliobeba Kiswahili.

Leo mtoto wa Bariadi husema Kisukuma nyumbani na Kiswahili shuleni, na mtoto wa Venezia aweza kusikia lugha ya kwao jikoni na Kiitalia darasani. Lugha ya Venezia haikufa kwa kuja kwa Kiitalia. Carlo Goldoni, katika karne ya 18, aliiandikia michezo ichezwayo hadi sasa.

Tena maneno ya Venezia yenyewe yamefika Kiswahili kwa kupitia Kiingereza. Gazeti latokana na gazeta, sarafu ndogo ambayo mtu wa Venezia alilipia karatasi ya habari. Karantini latokana na neno la siku arobaini, ambazo merikebu ilingojeshwa nje ya mji wakati wa tauni. Malaria ni maneno mawili ya Kiitalia yenye maana ya hewa mbaya, maana watu walidhani homa hutoka katika mvuke wa mabwawa, mpaka Giovanni Battista Grassi alipothibitisha mwaka 1898 kwamba mbu wa jamii ya anofelesi ndiye aletaye malaria kwa binadamu. Yapo pia maneno ambayo Kiswahili na Kiitalia viliyachukua kutoka chemchemi moja ya Kiarabu: sukari ni zucchero, zafarani ni zafferano, na sifuri ndiyo zero.

Waitalia katika Afrika Mashariki

Ufalme mpya haukukawia kutafuta makoloni. Ulishika Eritrea, na mwaka 1896 majeshi yake yalishindwa na Wahabeshi huko Adwa. Mwaka 1892 Sultani wa Zanzibar aliikodisha Italia bandari za Benadiri, na mwaka 1905 ziliuzwa kwa pauni 144,000. Kwa namna hiyo watu wa Barawa, wasemao Chimiini, tawi la kaskazini la Kiswahili, wakawa raia wa utawala wa Kiitalia, na maneno kadhaa ya Kiitalia yakaingia katika usemi wao. Benito Mussolini, aliyeshika serikali mwaka 1922, aliivamia Uhabeshi mwaka 1935, na majeshi yake yakatumia gesi ya sumu. Utawala huo uliondolewa mwaka 1941, na mateka wengi wa Kiitalia wakaletwa Kenya, ambako kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 karibu na Mai Mahiu lingali lasimama. Baada ya vita Waitalia walipiga kura mwaka 1946 kuuondoa ufalme, na katiba ya jamhuri ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1948.

Wengine walikuja kwa kazi za namna nyingine. Wamisionari wa Consolata kutoka Torino waliingia Kenya mwaka 1902 na Iringa mwaka 1919. Madaktari wa CUAMM, shirika lililoanzishwa Padova mwaka 1950, wamefanya kazi Tanzania tangu mwaka 1968, na miaka ya karibuni katika mikoa ya Shinyanga na Simiyu pia.

Ushanga kama hati

Wajerumani walipoleta rupia zao, na tangu mwaka 1898 wakatoza kodi ya nyumba, ushanga uliacha kuwa fedha ukabaki kuwa pambo na kumbukumbu. Venezia nako viwanda vingi viliungana mwaka 1898 ili kushindana na Jablonec wa Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Mwishoni mwa karne ya 20 kiwanda kikubwa cha shanga ndogo cha Murano kilifungwa. Mwaka 2020 UNESCO iliuandika ufundi wa ushanga wa kioo wa Italia na Ufaransa katika orodha ya urithi wa binadamu.

Kwa hiyo si kila ushanga wa kioo uonekanao Simiyu ni wa Venezia. Mwingine ulitoka Bara Hindi, mwingine Bohemia, na mwingi wa leo hutoka viwanda vya Asia. Walakini ushanga wa zamani waweza kusomwa kama hati. Ukiwa na michirizi iendayo sambamba na tundu, ulivutwa kwa namna iliyoelezwa juu. Ukiwa na michirizi iliyolizunguka tundu, uliviringwa mmoja mmoja juu ya ufito wa chuma. Ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, kama samesame, yaelekea ni wa karne ya 19 au baada yake. Mwekundu wenye moyo wa kijani waweza kuwa wa kale zaidi.

Jambo lisilosomeka katika kioo ni jina na sababu. Kwa nini familia hii iliweka rangi hii na si ile, nani aliuleta na kwa kubadilishana na nini, na uliitwaje kwa Kisukuma huko Ntuzu au Meatu? Majibu hayo yamo vichwani mwa wazee, na hupotea kila uzi ukatikapo na kutungwa upya, au ushanga uuzwapo kwa mgeni bila habari zake. Majina ya samesame na kimarapamba yamesalia kwa sababu msafiri mmoja aliyaandika kati ya miaka 1857 na 1859. Ya Kisukuma yafaa yaandikwe na wenyeji wenyewe, pamoja na maana zake, wakati wazee wajuao wangalipo wa kuulizwa.